Ufa wa Fundi

Miaka thelathini na moja najenga na kuziba hapa Mkomani,
na kila mwenye nyumba akininyoshea kidole ufa ukutani
humjibu: ufa hausemi uongo, ila hausemi yote.
Nipe jembe tuchimbe chini.
Tutakuta bomba linavuja, au mzizi, au jiwe moja la msingi
lililowekwa harakaharaka mkesha wa Idi.
Nikipaka chokaa leo, masika yatanicheka.

Hayo ya kuta. Mgongo wangu niliupaka chokaa tu.

Nilianza na mafuta ya simsim,
Mwanakombo akanikanda hadi vidole vyake vikafa ganzi.
Kisha chuku: pembe saba, damu nyeusi,
usingizi mtamu siku tatu.
Ya nne nikaamka kama mlango uliovimba kwa mvua.
Kisha vidonge vya waridi vya Twalib wa duka la dawa,
viwili asubuhi, kimoja nikipanda jukwaa,
mpaka tumbo nalo likaanza kudai haki yake.
Nikanunua mkanda. Nikanunua godoro gumu.
Nikaulaumu uzee, nikamlaumu jini,
nikamlaumu punda wa Bwana Lali aliyenibana uchochoroni mwaka juzi,
punda maskini, hana hatia.

Mama, ambaye hatoki kitandani, alisema toka chumba cha ndani:
"Kwauma yuu, mwanangu; kisa ki tini."
Nikadhani ni maneno ya mgonjwa.

Yule binti wa viungo, Kadzo, aliyehamishiwa hapa kutoka Malindi,
hakunigusa mgongo.
Nilimwonyesha panapouma, akasema: tembea.
Nikatembea hadi mlangoni. Rudi. Vua viatu.
Akayachukua makubadhi yangu, akayageuza,
akayasoma kama barua:
la kulia limelika kisigino upande wa nje, limebaki karatasi;
la kushoto kama jipya.
"Mguu huu uliuvunja lini?"
Sikuuvunja, nikasema. Uliteguka tu.
"Lini?"

Hapo nikanyamaza. Niliiona tena ile nyumba ya harusi,
jukwaa la boriti lililofungwa kwa kamba mbovu,
tajiri ana haraka,
mimi wa miaka ishirini na miwili nadondoka na ndoo ya chokaa,
na kila mtu anakimbilia ndoo.
Nilifunga kifundo kwa kitambaa, nikapanda tena adhuhuri ile ile.
Ujira ulikuwa wa siku, na mahari nilikuwa nadaiwa.

Kadzo akakishika kifundo kile. Hakikukunjika.
Akapanda na vidole, taratibu, kama afuataye unyevu ukutani:
kifundo kiligoma, goti likabeba;
goti likachoka, nyonga ikapinda;
mgongo ukawa ndio unaolipa
kila siku deni usilolikopa.
"Mgongo wako ni mfanyakazi mwaminifu," akasema.
"Unapiga kelele kwa sababu wenzake wamenyamaza."

Nilicheka. Kisha, sijui kwa nini, machozi.

Akataka picha, akataka na damu ipimwe,
asije akausingizia mguu kosa la ugonjwa mwingine.

Sasa kila alfajiri baada ya sala
nasimama kwenye kidato cha daka, visigino hewani,
nashusha, napandisha, kumi na tano mara tatu.
Watoto wa chuoni wakipita wananihesabia, na wananiibia hesabu.
Ndoo siijazi tena.
Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Nilimtukana Kadzo kimoyomoyo.
Wa pili, niliinama kuokota mwiko
na sikugundua hadi nilipokwisha kusimama.
Siku mbaya bado zipo. Upepo wa Julai haujaniheshimu.
Vidonge viko rafuni, sijavitupa, sijifanyi shujaa.

Jana mwenye nyumba mmoja wa Gadeni aliniita: ufa, mwembamba kama unywele.
"Paka tu, fundi. Wageni wanakuja Ijumaa."
Nikamwomba jembe.
Akaguna.
Nikaketi dakani kwake, nikavua kubadhi la kulia,
nikamwonyesha kisigino.